Maana ya "ryuha" katika sanaa za kale za mapigano za Japani

Ryuha ni ukoo wa mafunzo: elimu ya silaha yenye mwasisi wake, inayopokezwa na mwalimu kwa mwanafunzi kizazi baada ya kizazi. Neno ryu huandikwa kwa herufi yenye maana ya mtiririko wa maji, nalo linafaa, kwa sababu ukoo huu huwa hai maadamu yupo anayepokea. Mojawapo ya koo kongwe ni Tenshin Shoden Katori Shinto-ryu, iliyoanzishwa na Iizasa Ienao katika karne ya 15 karibu na hekalu la Katori, katika mkoa wa sasa wa Chiba. Anayejiunga nayo hula kiapo na kukitia muhuri kwa damu ya kidole chake, na miongoni mwa anayoapa ni kutofichua mafunzo kwa watu wa nje.

Chombo kikuu cha kuhifadhi mafunzo ni kata, yaani mfuatano wa mapigo uliokwisha kupangwa, ambao katika mafunzo ya upanga kwa kawaida hufanywa na watu wawili. Aghalabu mwenye uzoefu mkubwa ndiye anayeshambulia na hatimaye kushindwa, ili mwanagenzi, anayeshinda, ajifunze umbali, wakati na utulivu wa moyo mbele ya pigo la kweli. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito wa jambo zima, maana mambo hayo hayaandikiki.

Magombo yapo, lakini mengi huorodhesha majina ya mbinu tu, na maelezo yake hutolewa kwa mdomo. Kukabidhiwa gombo ni kupewa ijaza, na ya juu kabisa katika koo nyingi huitwa menkyo kaiden, ishara kwamba mhusika amepokea mafunzo yote.

Baada ya mageuzi ya Meiji ya mwaka 1868, yaliyorudisha utawala wa Japani mikononi mwa mfalme wake, na hasa samurai walipokatazwa kubeba panga hadharani mwaka 1876, koo nyingi zilikosa warithi zikatoweka. Kano Jigoro, aliyejifunza Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu, alianzisha judo mwaka 1882, akahifadhi ndani yake kata ya Kito-ryu iitwayo Koshiki no Kata. Wanaoifanya kata hiyo, ingawa wamevaa nguo za kawaida za judo, hutembea na kuangushana kwa uzito wa watu waliovaa deraya.