Mtoto Anajua Bunduki Ilipo

Mtoto akiuawa kwa risasi nyumbani, neno la kwanza kusikika ni kwamba bunduki "ilijifyatua". Majirani husema hivyo, ndugu husema hivyo, na taarifa za habari hurudia hivyo hivyo. Naelewa kwa nini, maana siku ile hakuna mzazi mwenye nguvu ya kubeba neno jingine. Lakini neno hilo huficha kilichotokea, na tusipokijua hatutakizuia kisimpate mtoto mwingine.

Bunduki nzima iliyolala kwenye droo haijifyatui. Mara chache silaha mbovu hufyatuka ikianguka, ila hilo silo linaloua watoto wengi. Mwaka 2023, CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, ilichapisha uchambuzi wa vifo 1,262 vya watoto wa hadi miaka 17 waliokufa kwa risasi zisizokusudiwa kati ya 2003 na 2021. Asilimia 85 ya vifo hivyo vilitokea ndani ya makazi ya watu. Katika karibu theluthi mbili ya visa, aliyefyatua alikuwa akiichezea silaha au akiwaonyesha wenzake. Na pale ilipojulikana silaha ilivyokuwa imewekwa, asilimia 74 zilikuwa na risasi ndani na asilimia 76 hazikuwa zimefungiwa. Yaani mtu mzima aliiacha, mtoto akaikuta. Mengine yote yanafuata hapo.

"Nimeificha, hawezi kuiona"

Dhana hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu mwenye kuiamini hulala usingizi mnono. Mtoto huijua nyumba kuliko aliyeijenga. Anafungua droo akitafuta peremende, anainua godoro akitafuta simu aliyonyang'anywa, anasogeza kiti afike juu ya kabati kwa sababu tu kule hajawahi kufika. Na sisi watu wazima tuna maficho machache sana. Katika uchambuzi huo wa CDC, mahali palipoongoza kwa watoto kuzikuta silaha ni pale pa kulala: droo ya kando ya kitanda, chini ya mto, chini ya godoro.

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanywa Alabama, Marekani, kwenye familia zenye silaha. Wazazi waliulizwa peke yao, watoto peke yao. Kati ya watoto wa chini ya miaka 10, asilimia 73 walisema wanajua bunduki ya nyumbani inakaa wapi, na asilimia 36 walikiri kwamba wameshaishika. Kinachoniumiza zaidi ni hiki: kati ya wazazi waliosema mtoto wao hajui ilipo, asilimia 39 walikanushwa na mtoto mwenyewe. Wazazi hao hawakuwa waongo wala wazembe. Waliamini.

Kuficha si kufunga. Kitu kilichofichwa kinasubiri kupatikana.

"Wangu nimemfundisha, hawezi kugusa"

Mfundishe. Mwambie akiona bunduki asiiguse, aondoke hapo hapo, amwite mtu mzima. Mafunzo hayo yana kazi yake, lakini hayawezi kubeba kazi ya kufuli.

Watafiti wa Marekani waliwahi kulijaribu jambo hili kwa njia inayotisha kuisoma. Matokeo yao yalichapishwa 2001. Waliwaweka wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, wawili wawili au watatu watatu, kwenye chumba chenye droo, wakawatazama kupitia kioo cha upande mmoja. Ndani ya droo kulikuwa na bastola za maji, na droo nyingine ilikuwa na bastola halisi isiyo na risasi. Makundi yalikuwa 29. Makundi 21 yaliipata bastola halisi, makundi 16 yakaishika, na katika makundi 10 kuna mvulana aliyevuta kifyatulio. Karibu nusu ya walioiona walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika kama ni ya kweli. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuvuta kifyatulio walishafundishwa kuhusu usalama wa silaha.

Soma tena idadi hiyo ya mwisho. Watoto hao hawakuwa wakaidi. Mtoto anapokuwa na wenzake na kitu kinang'aa mbele yake, somo alilolijibu vizuri juzi mezani linamtoka. Kumtwika mtoto wa miaka minane mzigo wa kujizuia, wakati mtu mzima ameshindwa kugeuza ufunguo, ni kumwonea.

"Huyu bado mdogo, hana nguvu ya kuifyatua"

Vidole vya watoto vilipimwa, na majibu yakachapishwa 1995. Wakitumia vidole viwili vya shahada, robo ya watoto wa miaka 3 na 4 waliweza kuvuta uzito wa kilo 4.5. Wa miaka 5 na 6 walikuwa asilimia 70, wa miaka 7 na 8 asilimia 90. Bastola nyingi kifyatulio chake hakihitaji hata nguvu hiyo. Tena mtoto mdogo haishiki bastola kama askari. Huigeuza, akasukuma kifyatulio kwa vidole gumba, na hapo mtutu unamwangalia yeye.

"Nimetoa magazini, sasa ni tupu"

Hapa wanakosea hata watu waliozoea silaha. Bastola nyingi zikishakokiwa, risasi moja inakuwa imeshaingia kwenye chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Ukichomoa magazini, yaani kile kibebeo cha risasi, ile moja inabaki ndani, na bastola nyingi zitaifyatua bila magazini kabisa. Mkono unahisi wepesi, macho yanaona tundu pale magazini ilipokuwa, na akili inasema imeisha.

Mpangilio una maana. Elekeza mtutu upande usio na mtu, kidole kiwe nje ya kifyatulio. Toa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, nyuma mpaka mwisho, risasi iliyobaki itoke, ishikilie hapo hapo nyuma, uangalie ndani ya chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Ukigeuza mpangilio, ukavuta slaidi kabla ya kutoa magazini, slaidi ikirudi inaingiza risasi mpya, nawe utakuwa umeipakia upya ukidhani umeimaliza. Na usitegemee kitufe cha usalama. Bastola nyingi hazina kabisa, na zilizonacho kinaondoka kwa kidole kimoja.

"Nikiifungia, mwizi atanikuta mikono mitupu"

Hofu hii ni ya kweli na simcheki mtu kwa kuwa nayo. Ila yapo masanduku madogo ya chuma yanayofungwa kitandani au ukutani na kufunguka kwa alama ya kidole au nambari ndani ya sekunde chache. Wakati wa mchana, silaha iwe mwilini mwako au iwe imefungiwa. Haina mahali pa tatu: si juu ya friji, si ndani ya mkoba uliowekwa kwenye kochi, si kwenye droo ya gari. Mikoba ya wageni hasa inasahaulika, na mtoto hupekua mkoba wa shangazi kabla shangazi hajakaa.

"Mwanangu ni mkubwa, ana akili zake"

Theluthi moja ya waliokufa katika takwimu za CDC walikuwa na miaka 11 hadi 15. Na kwa kijana kuna jambo jingine ambalo wazazi hawapendi kulisikia. Kijana anayepita kwenye siku mbaya, akifika kwenye bunduki, hapati nafasi ya pili: takriban majaribio tisa kati ya kumi ya kujiua kwa silaha ya moto huishia kifo. Utafiti uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba mambo manne, kila moja kwa nafasi yake, yaliambatana na hatari ndogo ya vijana kujiua na ya watoto kujeruhiwa bila kukusudia: bunduki kufungiwa, bunduki kukaa bila risasi, risasi kufungiwa, na risasi kukaa mbali na bunduki. Kwa hiyo kijana asijue nambari ya siri, na ufunguo usining'inie pamoja na funguo za mlango. Ukimwona amebadilika, hajala, hasemi na mtu, zungumza naye, na silaha itoke nyumbani kwa muda, kwa njia inayoruhusiwa na sheria.

Limebaki swali ambalo wengi huona aibu kuliuliza: mtoto anapokwenda kucheza kwa watu. Tunauliza kama kuna mbwa mkali, tunataja karanga zinazomdhuru, lakini bunduki tunaona tutamuudhi mwenyeji. Uliza vile vile, kwa sauti ile ile: "Kwenu kuna bunduki? Imefungiwa?" Ukipenda, anza na ya kwako: "Sisi tunayo, ipo kwenye sefu, risasi zimefungiwa kwingine. Nyie je?" Jibu likiwa ni kwamba iko mahali ambapo watoto hawafiki, waalike watoto wake waje kucheza kwenu.