Kuzidiwa na habari: maana yake na namna ya kuishi nako

Kuzidiwa na habari ni hali inayompata mtu pale habari zinazomfikia zinapokuwa nyingi kuliko anavyoweza kuzisoma, kuzipima na kuzifanyia kazi. Hayo ni mambo matatu, na la kwanza ndilo jepesi. Kusoma si tabu: kidole kinasukuma, macho yanapita. Tabu iko kwenye kupima. Hii ni kweli au uzushi? Inanihusu? Ni ya leo au ya mwaka juzi imerudishwa? Na baada ya kupima kuna kutenda: nipige simu, niahirishe safari, niende mazikoni. Aliyezidiwa huendelea kusoma lakini huacha kupima, na mwisho huacha kutenda. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda na simu kutwa, akaulizwa magharibi amesoma nini, asiwe na la kujibu.

Malalamiko haya ni ya kale. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya kwanza, alimwandikia rafiki yake kwamba wingi wa vitabu hutawanya fikra. Kama dhana ya kitaalamu, kuzidiwa na habari kuliandikwa na Bertram Gross mwaka 1964 alipokuwa akieleza uendeshaji wa taasisi, na Alvin Toffler akaifikisha dhana hiyo kwa wasomaji wa kawaida mwaka 1970. Mwaka uliofuata Herbert Simon, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1978, alilitazama jambo kutoka upande wa mpokeaji. Alisema habari nazo zina kitu zinachokila, na kitu hicho ni umakini wa anayezipokea. Zikiwa tele, umakini huwa haba. Kwangu mimi maelezo hayo yanatosha kuliko mengine yote, kwa sababu yanaonyesha kwa nini kununua simu yenye kasi au bando kubwa hakusaidii. Kinachopungua hakiuzwi dukani.

Umakini una mpaka, na mpaka huo umewahi kupimwa. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alieleza kwamba akili hushika kwa wakati mmoja vitu kama saba hivi. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliipitia upya kazi hiyo na kuona kwamba idadi ya kweli iko karibu na vinne. Iwe saba au vinne, hicho ndicho chumba tulichonacho cha kulinganisha jambo na jambo kabla ya kuamua. Mwaka 1974 Jacob Jacoby na wenzake waliwapa watu maelezo ya sabuni za kufulia, wengine kidogo na wengine mengi, kisha wakaangalia nani alichagua sabuni iliyomfaa. Walisema waliopewa maelezo mengi zaidi walichagua vibaya zaidi, ilhali walijiona wameridhika na uchaguzi wao. Wataalamu wengine walizipinga hesabu zile, na mjadala ukaendelea kwa miaka. Lakini lile la kuridhika limebaki likinishughulisha, maana linafanana mno na tunayoyaona: aliyesoma ujumbe mwingi hujiona anajua, hata kama hakuna hata mmoja alioupima.

Mitandao ya kijamii ilipokuja iliongeza kitu ambacho vitabu na magazeti havikuwa nacho, nacho ni kukosekana kwa mwisho. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Taarifa ya habari ya redioni ina yale maneno ya msomaji, “na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari,” ukazima ukaenda kula. Mwaka 2006 mwisho huo uliondolewa kwa njia mbili. Mwezi wa Septemba, Facebook ilianza kukusanya machapisho ya rafiki zako wote na kuyaleta kwenye mkondo mmoja, badala ya wewe kumtembelea kila mmoja kwenye ukurasa wake. Mwaka huohuo mbunifu Aza Raskin alitengeneza njia ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe kila msomaji anapokaribia chini. Raskin ameeleza hadharani kwamba anajutia matokeo yake.

Hesabu ikaanza kukataa. Mwaka 2013 Facebook ilisema kila mtu anapofungua ukurasa wake, kwa wastani kuna machapisho 1,500 yanayogombea kuonekana. Mwaka 2016 Instagram ikasema watu hukosa kwa wastani asilimia 70 ya yanayowekwa na wale wanaowafuata. Na hili unaweza kulikokotoa nyumbani: ukifuata akaunti 300, kila moja ikiweka vitu viwili kwa siku, ni vitu 600, ukivipa sekunde kumi kila kimoja, umetumia dakika 100, na WhatsApp hujaifungua. Mkondo huu hukua bila wewe kuona, kwa sababu kufuata ni kubofya mara moja, na kuacha kufuata hakuna anayekukumbusha. Akaunti ya duka ulilonunua viatu, ya mgombea wa uchaguzi uliokwisha, ya mchezaji aliyekwishahama timu: zote bado zinakuletea.

Kampuni zikaamua kuchagua kwa niaba yetu. Programu hubashiri utakachobofya, utakachokitazama kwa muda mrefu au utakachomtumia mwenzio, na hicho ndicho hukitanguliza. Kuchaguliwa si kubaya. Bila hivyo tungezama zaidi. Ubaya uko kwenye kipimo. Kinachokushika si lazima kiwe kinachokuhusu. Tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa, wakati wa kusi, halina kicheko wala ugomvi. Mvuvi wa Kojani au Nungwi, huku Zanzibar, na abiria aliyekwishafunga mizigo kwenda Mkoani, Pemba, wanalihitaji jioni ya leo. Katika mkondo uliopangwa kwa mvuto linaweza kuwafikia kesho kutwa, chini ya video ya watu wasiowajua wakigombana mji wasioufahamu. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko saa zinazopotea. Habari ya lazima na habari ya kupita zimetiwa mlango mmoja, na zinaingia kwa sura moja.

Mwaka 2008 mwandishi Clay Shirky alidai kwamba wingi haukuwa tatizo jipya, bali vichujio vyetu ndivyo vilivyoharibika. Kwa Zanzibar dai hilo lina uzito. Barza za kahawa, kama ile ya Jaws Corner pale Mji Mkongwe, zilikuwa na bado ni mahali pa kuchuja habari. Anayesema anaonekana. Watu wanajua ametoka wapi, ameyasikia kwa nani, na mara ya mwisho alisema kweli au alikoleza chumvi. Akizidisha, kuna mzee atamuuliza, “Wewe ulikuwepo?” Ujumbe uliosambazwa kwenye simu hauulizwi hivyo, kwa sababu mwenyewe hayupo, anayekutumia naye katumiwa. WhatsApp ilijaribu kupunguza kasi hiyo: mwaka 2019 iliweka mpaka wa kusambaza ujumbe kwenye mazungumzo matano kwa mara moja, na Aprili 2020 ule uliokwisha kuzunguka sana, wenye alama ya mishale miwili, ukawa hauwezi kusambazwa ila kwa mmoja mmoja. Alama ile ina faida. Ukiiona, jua kwamba unachokisoma hakina mwenyewe.

Usiku wa kuutafuta mwezi ni mfano ambao kila mtu visiwani anaujua. Kabla Ofisi ya Mufti haijatoa taarifa, simu imeshajaa: umeonekana Kenya, haujaonekana, umeonekana Pemba, picha ya mwezi wa mwaka mwingine, sauti ya mtu asiyejitaja. Swali ni moja tu, tunafunga kesho au hatufungi, na jibu litatoka mahali pamoja. Ujumbe wote uliotangulia haukuongeza ujuzi hata chembe. Umeongeza kazi ya kupima tu.

Wanaoandika juu ya jambo hili wakiwa Ulaya na Marekani hushauri kirahisi: ondoka kwenye magrupu. Ushauri huo haujui muhali, yaani ile haya ya kumvunja mtu moyo. Mtu wa hapa yumo kwenye grupu la ukoo wa kuumeni na la kukeni, la waliosoma pamoja skuli, la mtaa au shehia, la kazini, la msikiti au madrasa, la timu, na la harusi ambayo bibi harusi wake sasa ana watoto. Kutoka kwenye grupu la ukoo, ikajulikana kwa mashangazi na akina ami kwamba umeondoka, ni kama kusema hutaki udugu. Na kuna sababu nzito kuliko muhali: msiba. Mazishi yetu hayangoji. Anayefariki alfajiri huenda akazikwa baada ya adhuhuri. Tangazo liko kwenye grupu lilelile lenye picha za asubuhi njema, video za upishi na mabishano ya Simba na Yanga. Mtu haondoki, kwa hofu ya kukosa maziko ya jamaa yake. Na kwa kuwa amechoka hasomi, anayakosa maziko hukohuko ndani ya grupu. Mtu huyo tusimwite mzembe. Amepewa kazi isiyowezekana.

Kinachowezekana ni kuitenganisha milango. Anza na swali hili: habari gani nikiikosa leo itaniumiza au itamuumiza mwingine? Kwa wengi ni chache: msiba na ugonjwa wa jamaa, hali ya bahari na safari za boti, jambo la skuli ya watoto, jambo la kazi, na kwa mkulima wa Pemba wakati wa msimu, mambo ya karafuu. Hizo zipewe njia zao. Boti, piga simu ofisini kwao au tazama ukurasa wao wenyewe kabla ya kutoka nyumbani, usisubiri mtu akusambazie. Hali ya hewa, nenda kwa wanaoipima. WhatsApp inakuruhusu kubandika mazungumzo matatu juu kabisa. Mazungumzo hayo yawe ya watu ambao wakikuandikia lazima ujue.

Yaliyobaki yanyamazishe. Kulizima grupu sauti hakuonekani na mtu yeyote, kwa hiyo muhali haupo. Tangu mwaka 2021, mazungumzo unayoyahifadhi pembeni hubaki huko hata ujumbe mpya ukiingia, nawe huyafungua kwa wakati wako. Na tangu mwaka 2022, mtu akiondoka kwenye grupu, taarifa hupelekwa kwa wasimamizi tu, si kwa wote. Hili linafaa kwa yale ya harusi na michango iliyokwisha. Kwenye Instagram, tangu mwaka huohuo, unaweza kuchagua kuona wale unaowafuata tu, kwa mfuatano wa wakati. Wengi hawajui kwamba kitu hicho kipo, na simu haikitangulizi.

Kazi ngumu zaidi iko moyoni: kukubali kwamba mengi yatakupita. Wapo wanaouchukulia mkondo kama barua, kila moja lazima ifunguliwe, na wakikuta nambari nyekundu ya ujumbe 400 hawalali mpaka iishe. Anayekwenda Darajani asubuhi haendi kununua soko zima. Huenda na pesa yake na haja yake, akarudi, wala hajioni amepitwa kwa mapapai aliyoyaacha. Mkondo wa mtandaoni unastahili kuendewa vivyo hivyo, kwa haja na kwa wakati. Baada ya alasiri kidogo, baada ya isha kidogo, na katikati arifa zimezimwa. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapohama kazi moja kwenda nyingine kabla hajaimaliza, sehemu ya fikra zake hubaki kule alikotoka. Mwalimu anayechungulia simu kati ya daftari moja na jingine anasahihisha kwa nusu ya akili, hata kama kuchungulia kwenyewe ni kwa sekunde chache.

Mzigo huu hata hivyo hautakiwi kubebwa na msomaji peke yake. Anayesimamia grupu ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani. Tangu mwaka 2018 WhatsApp inamruhusu kuliweka grupu liandikwe na wasimamizi tu. Ukoo unaweza kuwa na magrupu mawili: moja la matangazo, lenye watu wawili au watatu wanaoaminika kuandika, ambalo kila mtu huliacha na sauti, na jingine la soga, salamu na picha, ambalo mtu hulifungua akiwa na nafasi. Masheha na kamati za wazazi wa skuli wanaweza kufanya hivyohivyo. Wazee wasiosoma maandishi madogo wapangiwe mtu wa kuwapigia.

Na tangazo lenyewe liandikwe na mtu anayemfikiria aliyechoka. Mstari wa kwanza useme nani amefariki na ni nani kwetu. Wa pili, anasaliwa msikiti gani, saa ngapi, anazikwa wapi. Wa tatu, nambari ya simu ya mtu mmoja wa kuulizwa. Tarehe iandikwe kamili, isiwe “leo” wala “kesho,” maana ujumbe huu utasambazwa, na atakayeupokea keshokutwa lazima ajue kwamba maziko yamekwisha. Pole na dua zipelekwe kwenye grupu la pili, ili anayefungua la kwanza saa nne asubuhi alikute tangazo palepale juu.