Chache, lakini nani anazitaka? Dhana potofu kuhusu saa na magari ya kifahari

Dhana: kitu kikitengenezwa kwa idadi ndogo, thamani yake lazima ipande

Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu fedha nyingi kuliko zote, na magari mawili ya zama moja yanatosha kuijibu. Ferrari ilizindua F40 mwaka 1987. Mpango wa awali ulikuwa magari 400, lakini wateja walifurika na kiwanda kikaendelea hadi yakazidi 1,300. Mwaka uliofuata Jaguar ilionyesha XJ220 huko Birmingham, ikaahidi 350 tu, na waliolitaka wakatanguliza pauni 50,000 ili kushika nafasi. Yaliyotoka mwishowe hayakufika 300. Hata kwa mbio Jaguar lilitangulia: mwaka 1992, kwenye uwanja wa majaribio wa Nardò nchini Italia, lilipita kilomita 340 kwa saa, kasi ambayo F40 haikuifikia.

Basi ni chache zaidi, tena lina kasi zaidi. Ila leo bei ya F40 moja inanunua XJ220 kadhaa.

Gari lililoonyeshwa Birmingham lilikuwa na injini ya silinda 12 na nguvu kwenye magurudumu yote manne. Lililofika kwa mteja lilikuwa na silinda 6, turbo mbili, na nguvu kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Katikati ya hapo uchumi uliyumba, na waliokuwa wameshika nafasi ili wauze kwa faida wakakuta hakuna wa kuwauzia. Wengine walifika mahakamani wakitaka kujitoa kwenye mikataba. F40, kwa upande wake, lilikuwa gari la mwisho kuzinduliwa mwanzilishi wa kampuni, Enzo Ferrari, akiwa hai, na watoto waliobandika picha yake ukutani wamekuwa watu wazima wenye fedha. Kwangu mimi XJ220 ni gari la ajabu na halikutendewa haki. Lakini haki haiingii kwenye bei.

Dhana: Rolex ni ghali kwa sababu ni adimu

Kampuni yenyewe haitangazi idadi, ila wachambuzi wa biashara ya saa wanakadiria inatengeneza zaidi ya milioni moja kila mwaka. Kilicho adimu ni aina fulani chache, kama Daytona ya chuma, tena kwa wauzaji rasmi. Anayeambiwa asubiri dukani anaweza kuikuta saa hiyohiyo siku hiyohiyo kwa wauzaji wa saa zilizotumika, kwa bei ya juu zaidi. Rolex inashika bei kwa sababu inatambulika: ukiipeleka Dubai, Geneva au Nairobi, mnunuzi anaijua.

Karakana ndogo ya Uswisi inaweza kutengeneza saa chache sana kwa mwaka, kwa ufundi wa hali ya juu kuliko wa Rolex, na mwenye saa akahangaika miezi akitafuta wa kumwuzia. Saa nyingi za kifahari hushuka bei mara tu zinapotoka dukani. Hata zile zinazogombaniwa hazina kinga: bei za saa zilizotumika zilifika kileleni mapema mwaka 2022, kisha zikaporomoka, na walionunua wakati ule kwa kuamini hazishuki waliumia. Kabla ya kulipa, usiishie kuuliza zimetengenezwa ngapi. Uliza zimeuzwa tena ngapi hivi karibuni, na kwa bei gani. Nyumba kubwa za minada huchapisha matokeo yao, na kuyasoma ni bure.

Dhana: dhahabu hukishinda chuma

Patek Philippe, kampuni ya saa ya Uswisi, ilianza kuuza modeli yake iitwayo 1518 mwaka 1941 na haikutengeneza hata 300. Karibu zote ni za dhahabu. Za chuma zinazojulikana ni nne tu. Novemba 2016 moja ya hizo nne iliuzwa Geneva kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 11, mara kadhaa ya bei ya ndugu zake wa dhahabu. Hapa uhaba ulifanya kazi kwelikweli, kwa kuwa 1518 ilikuwa tayari inatamaniwa: ndiyo saa ya kwanza kutengenezwa kwa mfululizo ikiwa na kipima muda pamoja na kalenda inayojua yenyewe miezi mifupi na mirefu.

Dhana: nambari mgongoni mwa saa, "1 kati ya 500", ni uthibitisho wa thamani

Nambari hiyo inakuambia uamuzi wa kiwanda, basi. Kiwanda hichohicho kinaweza kubadili rangi na mkanda, kikatoa 500 nyingine.

Uhaba unaolipwa vizuri mara nyingi haukupangwa na mtu. Daytona zenye uso wa mapambo, za miaka ya 1960, ziliachwa na wanunuzi wa wakati huo, na ndiyo maana zimebaki chache. Ile iliyovaliwa na mwigizaji Paul Newman mwenyewe iliuzwa New York Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17.

Ziko pia Rolex ambazo Sultani Qaboos wa Oman aliziagiza ziwekwe alama ya jambia kwenye uso wake, kwa ajili ya zawadi. Leo wakusanyaji hulipa bei ya juu kuliko saa ileile isiyo na jambia. Wanachokagua kwanza ni rangi na uchapaji wa alama hiyo, maana zipo nyuso zilizopakwa upya ili kudanganya.