Acheni kuniuliza matajiri wanasoma nini

Nimeulizwa tena wiki hii: "Tupe orodha ya vitabu wanavyosoma mabilionea, nasi tutoboe." Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya biashara na vya kujiendeleza. Naisoma miswada kabla haijamfikia msomaji, nabishana na waandishi, naona kilichokatwa na kilichoongezwa. Kwa hiyo naomba nilijibu swali hili kwa urefu, maana imani iliyojificha ndani yake inawala watu fedha na muda, kisha inawaacha wakijilaumu kwa kosa lisilo lao.

Imani yenyewe ni hii: aliyefanikiwa anajua kilichomfikisha pale alipo, akikiandika kwa moyo mweupe, nasi tukakifuata bila kuchoka, tutafika. Hapana. Aliyefanikiwa anajua alichofanya. Kilichomfikisha ni suala lingine kabisa, na mara nyingi yeye ndiye shahidi dhaifu kuliko wote.

Sehemu ya kwanza ya tatizo wengi mnaijua, nitaipita haraka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mtakwimu Abraham Wald, akiwa na kundi la watafiti katika Chuo Kikuu cha Columbia, alikadiria ni sehemu zipi za ndege za kivita zikipigwa ndege haiponi. Shida ilikuwa kwamba takwimu zilizokuwapo zilitoka kwa ndege zilizorudi tu. Zilizoangushwa hazikuwa uwanjani kuhesabiwa matundu. Ndivyo ilivyo kwa vitabu vya mafanikio: aliyeacha kazi akaanzisha kampuni akatajirika anaandika kitabu, aliyeacha kazi, akathubutu vilevile, akakesha vilevile, kisha akafilisika, hakuna mchapishaji anayemtafuta. Ujasiri walikuwa nao wote wawili.

Sasa kinachonikera. Siku hizi nakutana na wasomaji wanaolijua hilo vizuri, na wanadhani wamekwisha kujikinga. Wanasema: "Mimi sisomi hadithi za mtu mmoja, nasoma vitabu vya utafiti, vyenye kampuni nyingi na ulinganisho." Hawa ndio ninaotaka kuzungumza nao, kwa sababu kosa lao limevaa koti la sayansi na kulivua ni kazi.

Chukua In Search of Excellence cha Tom Peters na Robert Waterman, kilichotoka 1982. Walichagua kampuni bora, wakatafuta zinachofanana, wakatoa kanuni. Atari, kampuni ya michezo ya video, ilikuwamo katika orodha yao. 1983 ikapata hasara kubwa. Wang Laboratories, kampuni ya kompyuta, ilikuwamo. 1992 ikaomba kinga ya kufilisika, yaani mahakama iikinge na wadai wake. Wakosoaji wakasema, sawa, tatizo ni kutolinganisha na walioshindwa. Jim Collins akaja na Good to Great mwaka 2001, na kazi yake ilikuwa ya jasho kweli: timu yake ilianza na kampuni 1,435, ikazichuja hadi 11, na kila moja ikalinganishwa na kampuni ya sekta yake ambayo haikupaa. Ulinganisho ukawapo. Watu wakapumua.

Miaka 7 baadaye, Septemba 2008, serikali ya Marekani iliichukua Fannie Mae, kampuni ya mikopo ya nyumba, chini ya usimamizi wake. Novemba mwaka huohuo Circuit City, kampuni ya maduka ya vifaa vya elektroniki, ikaomba kinga ya kufilisika. Zote mbili zilikuwa kati ya zile 11. Lakini kwangu kuanguka kwao si hoja. Kampuni huanguka kwa sababu elfu, na mwandishi hakuahidi kwamba zitadumu milele. Hoja yangu iko nyuma zaidi, kwenye malighafi. Ukitaka kujua kama kampuni fulani ilikuwa na viongozi wanyenyekevu, nidhamu na umoja miaka 20 iliyopita, utatazama wapi? Utawahoji waliokuwapo, na utasoma magazeti ya wakati ule. Na wote hao walizungumza wakiwa wanajua tayari nani ameshinda.

Hapo ndipo jaribio la 1975 la Barry Staw, mtafiti wa tabia za watu kazini, linapoingia, na natamani kila mnunuzi wa vitabu hivi alijue. Staw aliwaweka watu katika vikundi vidogo, akawapa taarifa za fedha za kampuni moja, akawataka wakadirie mauzo na faida za mbele. Walipomaliza, akaviambia baadhi ya vikundi kwamba vimefanya vizuri sana na vingine kwamba vimefanya vibaya. Alichowaambia hakikuhusiana na kazi yao. Alivigawa kwa bahati nasibu tu. Kisha akawaomba waeleze kikundi chao kilivyofanya kazi. Walioambiwa wameshinda walikumbuka umoja, mawasiliano mazuri, watu wenye ari na walio tayari kusikiliza mawazo mapya. Walioambiwa wameshindwa walikumbuka kinyume chake. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisema alichokiona, ila alikiona kupitia matokeo aliyopewa.

Sasa rudi kwa mwandishi mwenye kinasa sauti mbele ya mkurugenzi aliyestaafu kwa heshima. Anauliza: "Timu yenu ilikuwaje?" Unadhani atajibiwa nini? Na ukiweka kampuni iliyoshinda upande huu na iliyoshindwa upande ule, utapata tofauti kubwa, ya wazi, inayojirudia. Utakachokuwa umepima ni jinsi watu wanavyosimulia ushindi na jinsi wanavyosimulia kushindwa. Idadi ya kampuni haitibu ugonjwa huo. Kurasa za majedwali haziutibu pia. Profesa wa biashara Phil Rosenzweig aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 2007, The Halo Effect, na anaonyesha lilivyoipata Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao ya kompyuta: mwaka 2000 ilipokuwa kileleni ilisifiwa kwa kuwasikiliza wateja na kwa ustadi wa kununua kampuni nyingine; hisa zilipoporomoka, waandishi walewale wa habari za biashara wakaanza kusema haiwasikilizi wateja na ilinunua hovyo. Haiingii akilini kwamba kampuni nzima ilibadilika tabia katika miezi michache. Kilichobadilika ni bei ya hisa.

Kwenye meza ya uhariri naliona jambo hilohilo likitengenezwa kidogo kidogo. Mjasiriamali huleta rasimu ya kwanza yenye aya moja, kwa kawaida karibu na mwanzo wa sura ya tatu, inayotaja mkopo wa shemeji usio na riba, au mteja mkubwa aliyehamia kwake kwa sababu mshindani alifunga ghafla. Rasimu ya pili aya hiyo imekuwa sentensi. Ya tatu haipo. Nikiuliza imekwenda wapi, naambiwa "haifundishi kitu." Mahali pake pamekaa ukurasa kuhusu kuamka saa kumi na moja alfajiri. Ile aya naipigania kila mara, kwa sababu ndiyo pekee katika sura nzima inayomwambia msomaji nini hasa kilitokea. Wakati mwingine nashinda, mara nyingi sishindi. Soko linataka kanuni, na bahati haina kanuni.

Upande wa kujiendeleza mambo huharibika kwa njia nyingine: tahadhari hudondoka njiani. Mnaijua ile ya siku 21 za kujenga mazoea. Chanzo chake kinachotajwa zaidi ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. "Angalau" ikadondoka. "Hivi" ikadondoka. Kuizoea sura mpya kwenye kioo kukageuka kuwa kuacha sigara na kukimbia kila asubuhi. Watafiti wa University College London walipolifuatilia suala hilo kwa watu 96, wastani waliopata ulikuwa siku 66, na makadirio ya mtu mmoja mmoja yalianzia siku 18 hadi 254. Fikiria aliyefika siku ya 22 bado anajikokota. Kitabu kimemwambia kazi imekwisha. Anahitimisha kwamba ana kasoro. Huyo ndiye ninayemwandikia, wala si yule anayetaka kutoboa.

Kwa hiyo nisome nini? Jibu langu fupi: soma vitabu ambavyo wiki yako mwenyewe inaweza kuvikanusha.

Peter Drucker, katika The Effective Executive cha 1967, hakuombi umwamini kwa sababu ya nani alimfuata. Anakuambia usiiamini kumbukumbu yako kuhusu muda wako. Andika muda unakwenda wapi, wakati unapokwenda, kisha linganisha na ulivyodhani. Kama alikosea, daftari lako litamsuta. Andrew Grove, katika High Output Management cha 1983, anafungua na mhudumu anayeandaa kifungua kinywa: yai la kuchemsha dakika 3, mkate wa kubanika, kahawa, vyote vifike mezani vikiwa vya moto. Yai ndilo linalochukua muda mrefu zaidi, basi kila kingine kinapangwa kulizunguka. Kurasa chache tu, na tayari umepewa chombo cha kutazamia ofisi yoyote: tafuta yai lako liko wapi. Eliyahu Goldratt aliifikia hoja ya jamaa hiyo kupitia riwaya, The Goal, mwaka 1984, kwa kisa cha meneja wa kiwanda anayeona safari nzima ya vijana inakwenda kwa mwendo wa anayetembea polepole kuliko wote. Kama riwaya ina udhaifu wake. Kama maelezo ya foleni na vikwazo, inashika.

Angalieni tofauti. Grove aliiongoza Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, na watu hunipa hilo kama sababu ya kumsoma. Ni sababu mbovu. Intel ingeweza kufilisika kesho yake na bado yai lingechukua dakika 3.

Kingine ninachokipendekeza ni Thinking, Fast and Slow cha Daniel Kahneman, 2011, na nakipendekeza kikiwa na jeraha lake. Sura yake kuhusu vichocheo vidogo vinavyoathiri tabia bila sisi kujua iliegemea majaribio ambayo baadaye yalitiliwa shaka kubwa. Kahneman, mwanasaikolojia na mshindi wa Nobel, alikiri hadharani mwaka 2017 kwamba aliyaamini mno majaribio yenye washiriki wachache. Isome sura hiyo ukilijua hilo. Inafundisha zaidi hivyo kuliko ilivyofundisha ilipodhaniwa salama.

Kuhusu namna ya kusoma nitasema mawili tu. Funga kitabu ukajaribu kukumbuka sura yote kichwani. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba anayerudia kusoma hushinda mtihani wa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki aliyejizoeza kukumbuka ndiye anayebaki na kitu. Na ukiamua kutenda, usiandike "nitakuwa mtu wa kusikiliza." Andika: "Kikao kikianza, nitamwacha mwenzangu amalize kabla sijafungua mdomo." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameufuatilia mpango wa aina hii kwa miaka mingi, na ushahidi wake ni mzito kuliko wa karibu kila kitu kingine katika rafu hii. Anayekimbiza vitabu 50 kwa mwaka hana nafasi ya lolote kati ya haya mawili.

Sasa mashaka yangu, maana ninayo. Wasomaji huandika: "Kitabu hiki kimebadilisha maisha yangu." Barua hizo ni za kweli na zinagusa moyo, lakini nazo ni ndege zilizorudi. Ambaye kitabu hakikumsaidia hakai kitako kuandika barua. Na aliyekwenda kununua kitabu cha kuacha uvivu alikuwa ameshachoka na uvivu kabla hajafika dukani. Huenda angebadilika hata angetoka na kitabu cha mapishi. Katika miaka yote ya kazi hii sijapata njia ya kumtenganisha aliyebadilishwa na kitabu na aliyekuwa njiani tayari.

Kinachonitatiza zaidi ni Dale Carnegie. How to Win Friends and Influence People cha 1936 kimejaa visa vya wakubwa waliofanikiwa. Kwa vigezo nilivyovitetea hapa juu ningekitupa. Lakini kilizaliwa darasani. Carnegie alikuwa akifundisha watu wazima tangu 1912, na kanuni zake aliwapa wanafunzi wakazijaribu kwa wiki, kisha wakarudi kueleza yaliyotokea. Hicho ni kitu ambacho vitabu vingi vya leo vyenye majedwali na tanbihi havijawahi kufanya: kutoa agizo na kusubiri majibu. Hakuwa na kundi la kulinganisha, na nashuku aliyetabasamu wiki nzima bila kupata chochote hakuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Bado nimekiacha kwenye orodha yangu. Anayekichukua namwambia achague kanuni moja, aijaribu kwa wiki, na aandike pia siku ambazo haikuleta kitu.