Riwaya zenye mambo ya kikubwa shuleni: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Riwaya inayosimulia ngono humfundisha mwanafunzi ufuska.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, ikazuiwa kutumika katika shule za Tanzania, kisha baadaye ikaruhusiwa na kusomwa shuleni na vyuoni. Anayeihukumu kwa kurasa chache alizosimuliwa haoni mambo yanakoanzia. Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe, anaipata barua ambayo binti yake ameandikiwa na kijana aitwaye Charles, na kwa barua hiyo anamwadhibu kikatili. Rosa anakua akiwajua wanaume kwa woga tu, hivyo anapofika shule ya bweni, mbali na fimbo ya baba, hana maarifa yoyote ya kumlinda, na hadithi inamfuata hadi kwenye utoaji mimba na hatimaye kujiua. Sioni ni nani angetamani kuyaiga maisha hayo. Riwaya hii inayashitaki malezi ya fimbo na ukimya, na nashuku kwamba iliwachoma wazazi kuliko ilivyowapotosha watoto wao.

Dhana: Mila zetu hazikuwahi kuyazungumza mambo haya mbele ya vijana.

Hii ndiyo dhana inayorudiwa zaidi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na kweli. Katika jamii nyingi za pwani na kusini mwa Tanzania, mwari aliyeingizwa unyagoni alifundishwa na kungwi au somo wake kuhusu mwili, hedhi, ndoa na unyumba, tena kwa nyimbo na mafumbo ambayo riwaya nyingi zinazolalamikiwa leo haziyafikii kwa uwazi. Mwana Kupona naye, katika utendi alioutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, anamwusia binti yake namna ya kujipamba, kujitia manukato na kumhudumia mume. Utendi huo unaheshimiwa hadi leo, na sijamsikia mtu akitaka uondolewe maktabani. Walichokikataa wazee ni kuyasikia mambo haya kabla ya umri wake, au bila mtu mzima wa kuyaeleza na kuulizwa maswali. Anayezitaja mila ili kutetea ukimya angeanza kwa kumwuliza bibi yake.

Dhana: Basi kila kitabu kinafaa darasa lolote, na kuchagua ni udhalimu.

Hapana. Mtoto wa Kidato cha Kwanza na kijana wa Kidato cha Sita hutumia maktaba moja, lakini hawalingani kwa upeo. Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, pamoja na baa zake na mapenzi yake katika Zanzibar ya ukoloni, imekuwa ikisomwa Kidato cha Tano na cha Sita, nami naona hapo ndipo mahali pake. Kenya ina Taasisi ya Ukuzaji Mitaala na Tanzania ina Taasisi ya Elimu kwa ajili ya kazi hii ya kupima kitabu kwa kiwango cha msomaji, na mzazi ana haki ya kuuliza wamepima vipi. Kuahirisha kitabu hadi darasa la juu si kukipiga marufuku.

Dhana: Marufuku ya mwaka 2023 ilizilenga riwaya zetu.

Vitabu 16 ambavyo Waziri wa Elimu wa Tanzania, Adolf Mkenda, alitangaza Februari 2023 kuwa haviruhusiwi shuleni, kwa maelezo kwamba vinakiuka mila na desturi, vilijumuisha mfululizo wa Kimarekani wa Diary of a Wimpy Kid. Huo ni mjadala mwingine.

Dhana: Kitabu kikiondolewa, tatizo limekwisha.

Tuache simu, ambazo kila mtu anazijua. Tazama kinachotokea hata pale riwaya inaporuhusiwa: wanafunzi wengi hawaisomi, hununua kitabu cha uchambuzi na kukariri dhamira, wahusika na ujumbe kwa ajili ya mtihani. Katika daftari, msichana aliyeharibiwa na malezi anabaki mstari mmoja chini ya «sifa za wahusika»: ni malaya. Mwalimu mwenye haya huziruka kurasa ngumu, nazo husomwa bwenini kwa vicheko, bila wa kuuliza kwa nini mhusika alifika hapo. Mwongozo wa mwalimu unaoonyesha jinsi ya kuzifundisha kurasa hizo ungefaa kuliko waraka wa kuzikataza.