Siki na magadi: mapovu si usafi

Wengi wanaojitengenezea dawa ya usafi nyumbani huchanganya siki na magadi soda kwenye chupa moja, wakiamini mapovu yale ndiyo nguvu yenyewe. Sivyo. Siki ni asidi, magadi ni kinyume chake. Vikikutana, kila kimoja huua nguvu ya mwenzake. Mapovu ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoroka, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo tu. Ukikaza kizibo, hewa hujaa na chupa inaweza kupasuka.

Vitumie kimoja kimoja. Ule ukoko mweupe ndani ya birika, ambao sisi wa pwani tunaoteka maji ya kisima tunaujua vizuri, huyeyuka kwa siki: mimina, acha saa nzima, suuza. Mafuta yaliyogandia jikoni yasugue kwa magadi yaliyoloweshwa kidogo, ila sufuria za alumini ziepushe, huzitia weusi.

Ninachokihofia hasa ni siki na dawa ya klorini ya nguo nyeupe. Hapo hutoka gesi ya klorini, inayounguza macho na mapafu. Usivichanganye kamwe, hasa katika choo chenye dirisha dogo.