“Njaa Siisikii, Nile Ili Iweje?” Dhana Inayowadhoofisha Wanaopunguza Mwili

“Mtaalamu, njaa yenyewe siisikii. Nile ili iweje, na mafuta ya kuchomwa ninayo tele?” Nimechoka kuisikia kauli hii kliniki, na anayeitoa mara nyingi huitoa kwa fahari, kana kwamba njaa ikipotea ndiyo ameshinda. Anaamini kwamba njaa ni kipimo cha mahitaji ya mwili: ukiisikia unahitaji chakula, usipoisikia akiba inatosha. Si kweli. Katika dhana zote za kupunguza mwili, hii ndiyo inayonirudishia watu wakiwa dhaifu kuliko walivyokuja.

Njaa inaongozwa na homoni, na homoni zinafuata mazoea. Ghrelini, homoni ya njaa inayotolewa na tumbo, hupanda saa zile ulizozoea kula. Acha kifungua kinywa siku kadhaa mfululizo, na njaa ya asubuhi itapungua yenyewe. Wanaofunga Ramadhani wanalijua hili: siku za mwanzo saa nne asubuhi tumbo linanguruma, wiki ya pili limetulia. Ukila kidogo mno na wanga ukaukata, ini linatengeneza ketoni, yaani kemikali zinazotokana na mafuta yanapochomwa, nazo zinapunguza hamu ya kula. Kwa hiyo njaa inaweza kunyamaza huku moyo, ini, figo na ubongo vikiendelea kudai haki yao kama kawaida. Mama wa miaka 35 mwenye kilo 85 na urefu wa sentimita 160 anatumia takriban kalori 1,500 kwa siku hata akishinda kitandani. Akipanda daladala, akifua, akipika, zinakaribia 2,000.

Sasa fungua daftari lake la chakula. Asubuhi chai ya rangi bila sukari. Mchana tango na kipande cha papai. Usiku mchicha wa kuchemsha usioguswa na mafuta, na mkia wa samaki. Zote hizo hazifiki kalori 600. Akiniambia ameshiba namwamini, maana tumbo limejaa maji na nyuzinyuzi. Lakini protini iko wapi?

“Si ninapungua?” Unapungua, ndiyo. Swali ni unapungua nini. Mzani hautofautishi mafuta, maji na msuli. Protini isipoingia ya kutosha, mwili unaichukua kwenye misuli, na upungufu wa kalori ukiwa mkubwa hivyo unaichukua kwa kasi zaidi. Ndiyo maana kilo zinashuka huku tumbo likibaki laini, mikono ikinyong’onyea, na ngazi za ghorofa ya pili zikikutoa pumzi. Miezi miwili mitatu baadaye nywele zinaanza kubaki kwenye kitana kwa mafungu, na wengi wanakimbilia kubadilisha mafuta ya nywele wakati chanzo kiko jikoni.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu zaidi ya nywele: mawe ya kifuko cha nyongo. Mtu akipungua kwa kasi, hasa zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, ini linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo. Na kwa kuwa chakula chake hakina mafuta, kifuko hakipati sababu ya kujikamua. Nyongo inatuama, mawe yanaota. Maumivu yake, chini ya mbavu za kulia baada ya mlo, humpeleka mtu hospitali usiku.

Kwa hiyo nasema, tena kwa msisitizo: unapopunguza mwili, kula kwa saa. Weka muda wa milo mitatu na uuheshimu, njaa ije isije. Huyo mama wa kilo 85, kama analenga 70, ahesabu gramu 1.2 za protini kwa kila kilo anayoilenga, yaani 84 kwa siku. Mayai mawili, kikombe cha maharage yaliyopikwa, glasi ya maziwa, glasi ya mtindi, kipande cha samaki cha gramu 100 na konzi ya dagaa wakavu, hapo ameshafika. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii kabla ya kuongea na daktari wake.

Kama mlo mkubwa haupiti, usijilazimishe sahani. Punguza ujazo, ongeza nguvu. Kijiko kikubwa cha mafuta kwenye mboga ni kalori 120 ambazo tumbo halizisikii. Gramu 30 za karanga ni kama 170. Mtindi au uji uliotiwa karanga za kusaga unanyweka hata na asiye na hamu. Na tafadhali, kula samaki na maharage kwanza, kachumbari ifuate; ukianza na tango utashiba tango.

Kuna wanaopinga upande wa pili: “Ukila kidogo mwili unagoma, unanenepa.” Hapana. Mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, chini ya mtafiti wa lishe Ancel Keys, kiliwalisha wanaume 36 wa kujitolea nusu tu ya chakula chao kwa miezi sita. Walikonda, karibu robo ya uzito wao ikaondoka. Matumizi ya nguvu yalishuka, wakawa wanasikia baridi, wanawaza chakula mchana na usiku. Waliporuhusiwa kula watakavyo walikula kupita kiasi, na mafuta ya mwili yakarudi zaidi ya mwanzo. Kunenepa kunakuja baada ya kujinyima, si wakati wa kujinyima.

Parachichi na karanga zinanenepesha? Kinachonenepesha ni jumla ya kalori za siku. Maji ya limao yanakata mafuta? Hayakati. Kula baada ya saa kumi na mbili jioni? Kama mchana hukula, basi kula usiku, tena ule vizuri.

Wanaotumia sindano za semaglutide, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito, wanahitaji onyo lao. Dawa ile inafanya kazi kwa kuondoa hamu, kwa hiyo kungoja njaa ukiwa juu yake ni kungoja kisichokuja. Protini na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito ni lazima kwao. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya glibenclamide asiruke mlo kwa sababu hana njaa: dawa itashusha sukari hata kama sahani iko tupu. Jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kisha kuzimia. Anayetaka kupungua aanze na daktari wake ili dozi irekebishwe.

Mwisho, yupo ambaye hamu imepotea bila yeye kujinyima, na majirani wanampongeza kwa kukonda. Ikipita wiki mbili, na hasa kukiwa na kikohozi, homa za jioni au jasho la usiku, asije kwangu kwanza. Aende kupima kifua kikuu, VVU na sukari.